Gari la Kiingereza la Zamani: Kulitunza na Kuliendesha

Magari mengi ya Kiingereza yanayotunzwa leo kama magari ya zamani yalitoka kiwandani kati ya mwaka 1945 na 1980. Yapo ya kale zaidi, yenye taa za shaba na magurudumu ya spoki za mbao, lakini hayo aghalabu hukaa makumbusho na kutolewa nje mara chache kwa mwaka. Yaliyotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo yaliyoenea mikononi mwa watu wa kawaida. Yalitoka kwa wingi, spea zake bado zinatengenezwa, na yanaweza kutembea pamoja na magari ya leo bila kuwa kero kwa wengine. Mwenye gari la aina hii ana kazi mbili zisizotengana: hulitengeneza ili aliendeshe, na huliendesha ili lisiharibike.

Mwaka 1948 peke yake Uingereza ilitoa magari matatu ambayo hadi leo yana wapenzi dunia nzima. Mwezi Aprili, Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Mwezi Oktoba, katika ukumbi wa Earls Court jijini London, zikatokea Morris Minor iliyobuniwa na Alec Issigonis na Jaguar XK120, gari la fahari lenye injini ya silinda sita. Nchi ilikuwa na madeni makubwa ya vita, chuma kiligawiwa kwa kibali, na kiwanda kilichouza nje ndicho kilichofikiriwa kwanza. Ndiyo maana magari haya yalisambaa hadi Australia, Marekani na makoloni ya Afrika. Kufikia 1950 hapakuwa na nchi iliyouza magari mengi nje kuliko Uingereza. Issigonis huyohuyo akaleta Mini mwaka 1959, gari dogo ambalo injini yake imelazwa kwa upana na giaboksi kuwekwa chini yake ili abiria wapate nafasi. Jaguar E-Type ikafuata 1961, na MGB, gari dogo la wazi la michezo la kampuni ya MG, mwaka 1962.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1968 kampuni nyingi ziliunganishwa kuwa British Leyland. Migomo, madeni na magari yaliyofungwa ovyo vikaizamisha, serikali ikalazimika kuichukua mwaka 1975, na Oktoba 1980 kiwanda cha MG kilichokuwa Abingdon, karibu na Oxford, kikafungwa. Wenye magari wakabaki na vyombo ambavyo aliyevitengeneza hayupo tena. Wakajifunza kuvitengeneza wenyewe, wakaimarisha vyama vyao, na wakatafuta nani angewachongea spea. Burudani hii kama inavyojulikana leo ilikomaa katika miaka hiyo ya upweke.

Kwa bahati, magari yenyewe yalikuwa yamekusudiwa kufunguliwa. Boneti ikiinuliwa, injini yote inaonekana, na karibu kila kitu hufikiwa kwa spana na bisibisi. Hakuna kompyuta inayohitaji mashine ya kuisoma. Kijitabu kilichokuja na gari jipya kilimweleza mnunuzi namna ya kurekebisha valvu na kusafisha kabureta, kwa sababu ilichukuliwa kuwa ataifanya kazi hiyo mwenyewe. Mwaka 1966 John Haynes akatoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wake maarufu wa miongozo ya matengenezo, kilichohusu Austin-Healey Sprite. Utaratibu wake ulikuwa kulifungua gari lote na kulifunga tena, kila hatua ikipigwa picha. Hadi leo mwenye gari la aina hii asiye na mwongozo wenye alama za vidole vya oili ni nadra.

Kabla hata ya kugusa injini, mgeni wa mambo haya hukutana na suala la spana. Spana za milimita zilizomo katika kila gereji ya leo hazishiki vizuri nati za magari haya. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 huingia, huonekana kufaa, kisha hulamba kona za nati ikabaki ya duara. Magari ya tangu miaka ya 1950 kwa kawaida hutumia skrubu za inchi za mfumo uliokubaliwa mwaka 1948 kati ya Uingereza, Marekani na Kanada. Ya kabla ya hapo hufuata vipimo vya Joseph Whitworth, vilivyopendekezwa mwaka 1841, na spana zake ni seti nyingine kabisa. MG TC na TD zina lao jambo la kushangaza. Injini zake zilitengenezwa Coventry katika kiwanda cha Morris kilichowahi kuwa cha kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss, na mashine za Kifaransa zilikuwa bado zinachonga hesi za milimita. Morris hawakuzibadilisha, waliweka tu vichwa vya nati vya Whitworth ili fundi Mwingereza atumie spana zake. Anayenunua boliti ya kawaida na kuikaza kwa nguvu katika injini hiyo huharibu tundu lake.

Ununuzi wa gari lenyewe huamuliwa na kutu, na hapa inafaa kukaa kidogo. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na matairi hadi ndani ya mikunjo yote ya bati. MGB haina chasi ya pekee: bodi ndiyo inayobeba uzito wote, na nguvu yake kubwa imo katika vizingiti viwili vya chini ya milango, kila kimoja kikiwa na matabaka ya bati yaliyoungwa pamoja. Tabaka la nje linaweza kung'aa kwa rangi mpya huku la ndani limekwisha kuliwa. Mnunuzi mwangalifu hupitisha sumaku ndogo juu ya vizingiti na pembe za chini za mabawa; mahali ambapo sumaku haishiki, chini ya rangi pana putti. Huinua mazulia na kupapasa sakafu. Hufungua na kufunga milango gari likiwa chini, kisha akiliinua kwa jeki. Mwanya wa mlango ukibana gari linapoinuliwa, kizingiti kimekwisha.

Kukarabati vizingiti ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayejua anachofanya. Kabla ya kukata bati la zamani hufunga vyuma vya kushikilia katika uwazi wa mlango, la sivyo bodi ya gari la wazi huinama katikati na mlango haufungi tena maisha yote. Kwa sababu hii ushauri wa kununua gari lenye bodi nzuri na injini mbovu, badala ya kinyume chake, una haki yote. Injini ya MGB hufunguliwa na kufungwa upya kwa gharama inayoweza kukadiriwa mapema, lakini bodi iliyooza haina mwisho. Waliokata tamaa na bodi zao wana njia nyingine tangu mwaka 1988, pale kampuni ya British Motor Heritage ilipoanza kutoa bodi mpya kamili za MGB kwa kutumia mashine na kalibu za awali za kiwandani.

Kila gari huoza kwa namna yake. Mini huanzia katika fremu ndogo ya nyuma inayoshikilia magurudumu. Land Rover ilipewa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na wengi hudhani basi haipati kutu. Kumbe chasi yake na ukuta wa mbele ya dereva ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Morris Minor Traveller ina fremu ya mbao za mti wa ashi upande wa nyuma, na mbao hizo si pambo. Zinabeba paa na kuta, na zikioza gari halifai barabarani. Dawa ya yote haya ni ya mapema: kuosha matope chini ya gari, kuzibua matundu ya kutolea maji, na kupuliza nta ndani ya mikunjo kila baada ya miaka michache. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari la Kiingereza ukuta huo hugharimu kuliko gari lenyewe.

Katika kazi za kawaida za huduma, kupima nafasi za valvu ndiyo humpa mwenye gari raha ya kwanza ya kweli. Hufanyika injini ikiwa baridi, bila haraka, na matokeo yake husikika. Injini ya MGB ina silinda nne na valvu nane zilizopangwa kwa mstari. Kila valvu husukumwa na roka, na kati ya roka na mkia wa valvu lazima pabaki nafasi ya inchi 0.015, yaani kama milimita 0.38. Ikizidi, injini hugongagonga. Ikipungua, valvu haifungi sawasawa na mdomo wake huungua. Mwenye gari hutoa kifuniko cha juu, hutoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, kisha hutia gia ya nne na kulisukuma gari taratibu hadi valvu moja ishuke kabisa. Hapo hutumia kanuni ya tisa. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, hurekebishwa ya 1. Ikifunguka ya 6, hurekebishwa ya 3. Ikifunguka ya 4, hurekebishwa ya 5. Jumla siku zote ni 9. Ulimi mwembamba wa fila geji huingizwa chini ya roka. Ukipita kwa kukwaruza kidogo, bila kulegea wala kukwama, nafasi ni sahihi, na nati hukazwa huku bisibisi ikiishikilia skrubu isigeuke. Kanuni hiyohiyo hufaa Mini, Morris Minor na Land Rover ya silinda nne, ila kipimo hutofautiana. Mini hutumia inchi 0.012.

Baada ya valvu hufuata pointi zilizomo ndani ya distribyuta. Ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana koili hutoa cheche inayokwenda kwenye plagi. Nafasi yao ikiwa wazi kabisa ni karibu inchi 0.015. Pointi huungua taratibu na kisigino chake huchakaa, kwa hiyo taimingi huhama bila mtu kugundua, gari likazidi kula mafuta na kupoteza nguvu. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha elektroniki kinachoingia mahali pa pointi na kuondoa kazi hii yote. Kukitumia si kosa. Busara ni kubaki na seti ya pointi na kondensa ndani ya buti, kwa sababu kifaa kile kikifa hufa ghafla, ilhali pointi huweza kusafishwa kwa msasa kando ya barabara.

Kabureta za SU ndizo moyo wa magari mengi ya Kiingereza, kuanzia Minor hadi Jaguar. Zilibuniwa na familia ya Skinner, wafanyabiashara wa viatu, na za mwanzo zilikuwa na mfuko wa ngozi ndani yake. Kampuni ilianzishwa mwaka 1910. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Pistoni ndogo huinuka kadiri injini inavyovuta hewa, na chini ya pistoni hiyo pana sindano iliyochongoka inayokaa ndani ya tundu la petroli. Pistoni ikiinuka, sindano huinuka nayo, na petroli nyingi zaidi hupita. Juu ya pistoni pana kikombe cha oili nyepesi inayoizuia isiruke haraka mno. Kikombe kikikauka, gari hukwama kidogo kila dereva anapokanyaga mafuta, na wapo waliobadilisha pampu, filta na plagi kabla ya kukumbuka kijiko kimoja cha oili.

MGB ya awali ina kabureta mbili, na lazima zivute sawa. Mwenye gari huweka ncha moja ya mpira mwembamba mdomoni mwa kabureta na nyingine sikioni, husikiliza mvumo, kisha huhamia ya pili na kugeuza skrubu hadi mivumo ilingane. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupimwa kwa kuinua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja, injini ikiwa ya moto na imeachwa ingurume taratibu. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzimika, petroli imepungua. Ukipanda kidogo kisha ukarudi ulipokuwa, imekaa sawa. Vifaa vya kisasa vya kupima hewa vipo na vinasaidia, lakini anayejifunza kwa sikio huijua injini yake kwa namna ambayo kifaa hakimpi.

Oili na petroli ni mambo ambayo dunia imeyabadilisha huku magari yakibaki yaleyale. Injini hizi zilitengenezwa kwa oili nzito, na 20W-50 ndiyo inayozifaa zaidi; oili nyepesi za magari mapya huvuja katika sili za zamani na huwa na viungo vichache vya zinki vinavyolinda kemu na tapeti. Kwa Mini jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu oili moja inalainisha injini na gia zilizo chini yake, na gia hukata oili haraka. Kuibadilisha kila kilomita 5,000 si ubadhirifu. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, ambayo iliifunika mikalio ya valvu na kuizuia isilike. Uingereza iliacha kuuza petroli ya risasi kwa watu wote mwanzoni mwa mwaka 2000, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha kufikia 2006. Suluhisho la kudumu ni kufungua kichwa cha silinda mara moja na kuweka mikalio migumu upande wa eksozi. Kwa anayeendesha kidogo na kwa upole, dawa ya kuchanganya kwenye tangi hutosha. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hulainisha mipira ya zamani hadi ipasuke. Mipira yote inayopitisha petroli ibadilishwe kwa inayostahimili ethanoli. Hili ni suala la moto, halihitaji mjadala.

Umeme wa magari haya una sifa mbaya kuliko unavyostahili. Waya na vifaa vingi vilitoka Lucas ya Birmingham, na taa kufifia au stata kukataa kuliwapa madereva maneno mengi. Ukichunguza, mara nyingi lawama ni ya miaka: viungio vimeshika kutu, na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi umekalia rangi na uchafu. Kusugua kila kiungio hadi king'ae na kuongeza waya mnene wa ethi kati ya injini na bodi huponya nusu ya matatizo. La kuangaliwa ni kwamba magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, MGB hadi 1967 ikiwemo, yana ethi ya upande wa chanya. Anayefunga redio au alteneta ya kisasa bila kulijua hilo huiunguza papo hapo. MGB hadi 1974 ilikuwa pia na betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, mahali ambapo husahaulika hadi zikauke.

Chini ya gari kazi ni ya grisi na breki. Kingi pini za mbele za MGB na bawaba za usukani za Minor zina nipeli zinazotaka grisi mara kwa mara, na grisi isukumwe hadi ile ya zamani, nyeusi, itoke pembeni. Zikiachwa kavu hukwama na usukani huwa mzito. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, silinda zikashika kutu kwa ndani, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea. Matairi ya gari linalotoka Jumapili tu hubaki na kashata nzuri huku mpira wake umekauka. Yakipita miaka 10 yatolewe. Rimu za spoki, fahari ya magari ya michezo ya Kiingereza, hufungwa kwa nati moja kubwa ya katikati inayogongwa kwa nyundo ya shaba. Meno ya ndani ya rimu yakikosa grisi hulika, na siku moja dereva hukanyaga breki gurudumu lisisimame na ekseli.

Kuendesha huanza kabla ya ufunguo kuzungushwa hadi mwisho. Katika MGB, ufunguo ukifika hatua ya kwanza, pampu ya petroli ya umeme huanza kugonga tik-tik-tik kutoka nyuma. Dereva husubiri midundo ipungue, ishara kwamba kabureta zimejaa. Huvuta choki, hupiga stata, na macho huenda kwenye geji ya presha ya oili. Injini ikishapata moto, mshale unapaswa kusimama kati ya pauni 50 na 80 kwa inchi ya mraba gari likiwa mbioni. Choki hurudishwa mapema kadiri injini inavyovumilia, maana petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda. Kwa dakika chache za mwanzo gari haliharakishwi.

Njiani dereva hufanya kazi ambazo gari la leo humfanyia. MGB hadi 1967 haina sinkromeshi, yaani kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, katika gia ya kwanza, kwa hiyo anayetaka kuirudia gari likiwa bado linatembea hukanyaga klachi mara mbili: hutoa gia, huachia klachi, huongeza mafuta kidogo injini ilingane na mwendo, hukanyaga tena na kuingiza. Ikifanywa sawa gia huingia kimya. MGB nyingi zina ovadraivu, kifaa kinachopunguza mizunguko ya injini kwa karibu moja ya tano katika mwendo mkubwa, na safari ndefu bila hicho huchosha masikio. Breki za Morris Minor ni za dramu magurudumu yote, na hazina msaada wowote zaidi ya mguu wa dereva. Nafasi ya kusimama ni ndefu, na gari jipya lililo mbele linaweza kusimama nusu ya umbali huo. Dereva mzuri wa gari la zamani huonekana kwa nafasi anayoiacha mbele yake na kwa jinsi anavyotazama mbali. Hapa mabadiliko ya kisasa hayapaswi kuonewa haya: taa zenye rilei, taa angavu za breki za nyuma, mikanda ya usalama. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani lina thamani yake, lakini maisha ya waliomo yana kubwa zaidi.

Kinachoyaua magari haya zaidi ya safari ni kukaa. Gari likisimama miezi sita, sili hukauka, petroli huoza na kuacha gundi ndani ya kabureta, silinda za breki hukwama, sahani ya klachi hugandana na gurudumu la injini. Waingereza wengi huyalaza magari yao majira ya baridi ili kuyaepusha na chumvi, na wanaofanya hivyo vizuri hubadilisha oili kwanza, hujaza matairi upepo zaidi, huunganisha betri na chaja ndogo, na hufunika kwa kitambaa kinachopumua, wala si turubai la plastiki linalofungia unyevu. Kuwasha injini kwa dakika tano kisha kuizima ni kosa lililozoeleka, kwa kuwa huzalisha maji ndani ya eksozi na oili bila kupata joto la kuyakausha. Mwendo wa kilomita 20 au 30 siku kavu ndio unaofaa.

Sheria ya Uingereza imewapa wenye magari haya nafuu. Gari lililotimiza miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana. Bima na wajibu wa kuwa na gari salama vinabaki palepale. Wengi huendelea kulipeleka gari kwenye ukaguzi kwa hiari, na wanafanya vyema, kwa sababu jicho la pili huona kilichozoeleka na jicho la mwenye gari. Vyama ni vingi na baadhi ni vikongwe: MG Car Club ilianzishwa 1930. Vyama huagiza spea zitengenezwe upya, hutunza kumbukumbu, na huwakutanisha wazee wanaojua na vijana wanaotaka kujua. Mkusanyiko mashuhuri kuliko yote hufanyika Novemba, pale magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905 yanapotoka London hadi Brighton, kama kilomita 96, kukumbuka safari ya Novemba 14, 1896. Siku ile madereva walisherehekea sheria mpya iliyopandisha kikomo cha mwendo hadi maili 14 kwa saa na kuondoa sharti la mtu kutembea kwa miguu mbele ya gari.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Nchi zake zilizotawaliwa na Waingereza huendesha upande wa kushoto kama Uingereza, na kwa miongo mingi Morris, Austin, Bedford na Land Rover ndizo zilizobeba walimu, madaktari, askari na mazao. Mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalitawaliwa na madereva wa hapa hapa hadi 1972, pale Hannu Mikkola na Gunnar Palm walipokuwa wageni wa kwanza kushinda, wakiwa na Ford Escort ya Kiingereza. Tangu 2003 njia zile zimerudiwa na mashindano ya magari ya zamani, na Escort bado huonekana humo. Jijini Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, maonyesho ya Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika tangu 1970, waamuzi wakiinama kukagua hadi uvungu wa gari. Na Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover pekee, ambapo magari ya umri wote yalikusanyika na kutembea kwa msafara.

Hali ya hewa ya sehemu kubwa ya bara ni rafiki kwa magari haya. Mbali na pwani hakuna chumvi, na chasi ya Land Rover ya miaka ya 1960 iliyokaa Dodoma au Nanyuki inaweza kuwa nzima kuliko ya umri wake iliyokaa Birmingham. Mafundi wanaoijua injini ya pointi na kabureta bado wapo, ingawa wanazeeka. Mwenye Land Rover ya aina hiyo iliyosimama nyuma ya nyumba asiiuze kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla ya kuikagua. Atazame namba ya chasi, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, inapofungwa springi, ailinganishe na kadi ya gari, kisha amwite fundi mzee aisikilize injini kabla ya kuamua.